Msanii kwenye maabara ya chuo kikuu: ukaazi, kazi ya oda, benchi lako au utafiti wa pamoja?

Barua ya mwaliko kutoka maabara ya chuo kikuu huwa na maneno mazuri: ushirikiano, ubunifu, mazungumzo ya sanaa na sayansi. Maneno hayo hayamwambii msanii siku ya kwanza atakaa wapi na ataruhusiwa kugusa nini. Nyuma yake zipo angalau njia nne za kufanya kazi: ukaazi (unakaa maabara kama mgeni, ukitazama na kuuliza), kazi ya oda (mhandisi anakutengenezea unachohitaji), benchi lako (meza ya maabara unayofanyia kazi mwenyewe) na utafiti wa pamoja. Kila moja ina muda wake, gharama zake na namna yake ya kuharibika. Msanii anayetaka kujifunza kuotesha seli, akipewa ukaazi wa wiki sita, ataondoka na picha za kwenye simu. Mhandisi aliyedhani ameagizwa mashine moja, akijikuta ndani ya utafiti wa miaka mitatu, atajitoa katikati.

Maswali mawili huzitenganisha njia hizi kuliko jina lolote lililoandikwa kwenye tangazo. Nani atakishika kifaa kwa mikono yake? Na nani mwenye neno la mwisho kwamba kazi imekamilika? Ikiwa msanii na mkuu wa maabara wanayajibu tofauti, msisaini kitu mpaka majibu yafanane.

| | Ukaazi | Kazi ya oda | Benchi lako | Utafiti wa pamoja |
|---|---|---|---|---|
| Anayeshika kifaa | Mtafiti. Msanii anatazama na kuuliza | Mhandisi | Msanii, baada ya mafunzo | Kila mmoja kwa sehemu yake |
| Mwenye neno la mwisho | Msanii | Msanii kwa sura, mhandisi kwa usalama | Msanii, chini ya kanuni za maabara | Timu, kwa masharti ya ruzuku |
| Muda unaotosha | Miezi 2–3 | Miezi 6–12 | Miezi 6 na zaidi | Miaka 2–4 |
| Unachoondoka nacho | Wazo, michoro, watu | Kitu kinachofanya kazi | Ujuzi na nyenzo hai | Makala, kazi ya sanaa, pengine hataza (haki ya uvumbuzi) |
| Kinachokwamisha mara nyingi | Mtafiti hana nafasi | Gharama za kukiendesha | Vibali na uchafuzi | Fedha na umiliki |

Ukaazi na kazi ya oda

Hizi mbili huchanganywa sana, na mifano miwili ya miaka ya 1960 nchini Marekani inazitenganisha vizuri. Oktoba 1966, jijini New York, mhandisi Billy Klüver wa Bell Labs, maabara za utafiti za kampuni ya simu, na msanii Robert Rauschenberg waliwakutanisha wasanii 10 na wahandisi wapatao 30 kwa maonyesho yaliyoitwa "9 Evenings: Theatre and Engineering". Kila msanii alikuja na hitaji lake, mhandisi akatafuta njia ya kulitimiza. Hiyo ni kazi ya oda, na kutokana nayo likazaliwa kundi la Experiments in Art and Technology.

Mfano wa pili ni mpango wa sanaa na teknolojia wa jumba la makumbusho la LACMA, Los Angeles, ulioendeshwa kati ya 1967 na 1971. Wasanii Robert Irwin na James Turrell waliunganishwa na mwanasaikolojia Ed Wortz, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya anga ya Garrett. Walikaa ndani ya chumba kisicho na mwangwi cha chuo kikuu cha UCLA wakichunguza jinsi macho na masikio yanavyobadilika mtu akinyimwa mwanga na sauti. Hawakutoa kitu cha kuonyeshwa. Kwa mwenye oda hayo ni mapato sifuri. Kwa mwenye ukaazi ndiyo mapato yenyewe, maana kazi ambazo Irwin na Turrell walizifanya baadaye kwa mwanga na nafasi tupu zimejaa maswali ya chumba kile.

Kwa hiyo, ukichagua ukaazi, mkataba useme wazi kwamba kitu cha mwisho hakidaiwi. Artist Placement Group, kundi lililoanzishwa Uingereza mwaka 1966 na Barbara Steveni na John Latham, liliisimamia kanuni hiyo kwa ukali: msanii aliingia kwenye taasisi bila kupangiwa cha kutengeneza, akaanza na kipindi cha upembuzi, na ndipo pande zote zikaamua kama kuna cha kuendelea nacho. Kipindi hicho ndicho sehemu ya kuigwa zaidi. Kinampa kila mmoja mlango wa kutokea kabla fedha nyingi hazijatumika.

Ukaazi huharibika kwa sababu moja kuu: muda wa mtafiti. Profesa anayesaini barua si mtu utakayemwona kila siku. Watu watakaofanya kazi nawe ni mafundi wa maabara, wanafunzi wa uzamivu na watafiti wachanga wenye mikataba ya muda mfupi, nao hawahesabiwi chochote kwa saa wanazokupa. Ombeni jina la mtu mmoja, saa mbili kwa wiki zilizopangwa kwenye kalenda, na uthibitisho kwamba mkuu wake amezihesabu kama sehemu ya kazi yake. Ukaazi wa wiki nne hupoteza karibu wiki mbili kwenye kadi ya kuingilia, akaunti ya kompyuta na mafunzo ya moto na kemikali. Usikubali chini ya miezi miwili isipokuwa unachotaka ni mazungumzo tu. Epukeni pia wiki za mitihani na wiki za mwisho kabla ya maombi ya ruzuku. Milango huwa wazi, ila watu hawapo.

Kumpata mshirika anayefaa ni jambo la pili. Xerox PARC, kituo cha utafiti cha California, kilianzisha mwaka 1993 mpango ulioitwa PAIR chini ya Rich Gold, na msingi wake ulikuwa kuwaunganisha wasanii na watafiti wanaotumia nyenzo zilezile. Ni busara iliyosahauliwa na mipango mingi ya leo, inayowaunganisha watu kwa mada. Msanii wa video na mtafiti wa picha za kompyuta wana cha kuzungumza tangu saa ya kwanza, hata kama mmoja anashughulikia uhamiaji na mwingine mawingu. Msanii na mwanafizikia wanaopenda wote wawili neno "wakati" wanaweza kumaliza miezi miwili bila kugusa kitu.

Kazi ya oda inadai nidhamu nyingine: kuandika hitaji kwa namba. Mfano mzuri ni wa msanii Trevor Paglen, aliyetaka picha 100 zirushwe na setilaiti na zidumu huko juu muda mrefu kuliko maisha ya setilaiti yenyewe. Kwa wanasayansi wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, hitaji hilo lilikuwa na idadi, mazingira na muda: ombwe, mionzi, joto na baridi zinazopishana, miaka isiyohesabika. Jibu likawa kisahani cha silikoni chenye picha zilizochongwa juu yake, kikafungwa kwenye EchoStar XVI iliyorushwa Novemba 2012. Angesema tu "kitu kinachodumu" wangebaki wakijadiliana. Andika idadi, vipimo, joto la mahali, saa za kuendeshwa kwa siku, umbali wa mtazamaji na kiasi cha kelele kinachovumilika, kisha mwachie mhandisi achague nyenzo.

Wakati mwingine oda ni ya mashine moja tu ambayo msanii hawezi kuipata kwingine. Msanii Vik Muniz alichora ngome, na Marcelo Coelho wa MIT akazichonga juu ya chembe za mchanga kwa mwali wa ioni, kifaa kinachotumika kwa kawaida kwenye vipande vya elektroniki. Anayeagiza kazi ya aina hii ajue shida inayomngoja: mchanga haupitishi umeme, chaji hujikusanya juu ya chembe, mwali unapotoka na mistari inapinda. Dawa ya kawaida ni kuipaka sampuli tabaka jembamba la metali au kaboni kabla ya kuchonga. Mashine kama hizi hukodishwa kwa saa hata ndani ya chuo, kwa hiyo bajeti iwe na saa za majaribio mara kadhaa ya saa za kazi yenyewe.

Kosa la gharama kubwa kuliko yote kwenye oda hutokea baada ya kifaa kutoka maabara. Kifaa cha majaribio hujengwa kifanye kazi dakika kumi mbele ya wageni. Onyesho la siku 90, saa 8 kwa siku, ni saa 720. Chukua rilei ya kawaida, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, ambayo migusano yake imepimwa kuhimili mizunguko 100,000 ikiwa na mzigo. Ikifunga na kufungua mara moja kila sekunde 10, itafanya mizunguko 2,880 kwa siku na kuumaliza uhai huo ndani ya siku 35, yaani kabla onyesho halijafika nusu. Weka transista mahali pa rilei, au punguza mwendo, au panga siku ya kuibadilisha. Mota ndogo za sevo zenye gia za plastiki hufa mapema zaidi zikishikilia uzito muda wote.

Ukumbi wa maonyesho nao hauna fundi. Usiku mlinzi huzima umeme wote kwenye swichi kuu. Kompyuta ndogo inayosoma programu kutoka kadi ya kumbukumbu, ikikatiwa umeme wakati inaandika, huharibu mafaili na asubuhi haiwaki. Mfumo uwekwe usiandike chochote kwenye kadi wakati wa kazi, programu ijiwashe yenyewe umeme ukirudi, na kadi ya pili iliyonakiliwa ifungwe ndani ya sanduku la kifaa. Leza inayoelekea kwa watazamaji isizidi daraja la 2, yaani milliwati 1 ya mwanga unaoonekana. Leza nyingi za maabara ni za daraja la 3B au la 4, na hakuna mkaguzi makini atakayeziruhusu bila kizuizi.

Na kuna fedha za kuendesha. Kundi la Klüver lilijenga banda la Pepsi kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka mwaka 1970, likiwa limefunikwa ukungu wa maji ulioundwa na Fujiko Nakaya pamoja na mwanafizikia Thomas Mee. Ukungu ulifanya kazi. Kilichovunjika ni uhusiano na mfadhili, kwa ugomvi wa bajeti ya kuliendesha banda baada ya kufunguliwa. Bajeti yoyote ya oda isiyo na mstari wa uendeshaji na vipuri haijakamilika.

Benchi lako mwenyewe

Njia hii ndiyo inayotamanika zaidi na ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. SymbioticA, iliyoanzishwa mwaka 2000 ndani ya idara ya anatomia na biolojia ya binadamu ya University of Western Australia, iliwapa wasanii kile ambacho ukaazi wa kawaida hautoi: kufanya wenyewe kazi za biolojia, kwa mikono yao, wakijaza fomu zilezile za maadili na usalama ambazo mtafiti angejaza. Oron Catts na Ionat Zurr, waliofanya kazi huko miaka mingi, wametengeneza vitu kwa seli hai ambavyo mtu aliyesimama nje ya kioo asingeweza hata kuviwazia. Faida yake ni hiyo: mikono hufundisha kichwa kipi kinawezekana. Msanii anayechora kwa bakteria kwa mara ya kwanza hugundua ndani ya siku mbili kwamba nusu ya mawazo yake hayana mahali na mengine mapya yamejitokeza.

Zoezi la kuanzia katika maabara nyingi ni kumimina sahani, yaani kupika chakula cha bakteria na kukigandisha kwenye sahani ndogo. Kwa lita moja: triptoni gramu 10, dondoo ya hamira gramu 5, chumvi gramu 10, agari (kigandishi) gramu 15. Chupa isijazwe zaidi ya nusu, maana agari huchemka na kumwagika, na kifuniko kilegezwe. Autoklevu, chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke wenye shinikizo, huwekwa nyuzi 121 kwa dakika 15 kwa chupa ndogo. Chupa ya lita moja inahitaji dakika 30 au zaidi kwa sababu joto huchelewa kufika katikati. Subiri ipoe hadi nyuzi 50 hivi, ndipo uongeze ampisilini (dawa ya kuzuia bakteria wasiotakiwa) kama unaitumia. Ikiwa ya moto zaidi, dawa hiyo itaharibika na matone ya maji yatajaa kwenye vifuniko. Ukichelewa, itaganda kwa mabonge ndani ya chupa. Mililita 25 zinatosha sahani ya milimita 90, kwa hiyo lita moja hutoa sahani 40.

Wachoraji wengi hukwamia kwenye unyevu. Uso wa agari ukiwa na maji, mstari husambaa na kuwa doa. Acha sahani wazi kidogo ndani ya kabati la usalama wa kibiolojia kwa dakika 20 hadi 30 kabla ya kuchora. Unapochora huoni kitu. Mchoro hutokea baada ya usiku mmoja kwenye inkubeta (kabati la joto) ya nyuzi 37, sahani zikiwa zimegeuzwa chini juu. Bakteria wenye protini ya kijani inayong'aa hawang'ai wenyewe: wanahitaji mwanga wa buluu na kichujio cha njano au cha chungwa mbele ya kamera, la sivyo unapiga picha ya buluu tupu. Taka zote hupitia autoklevu au hulowekwa kwenye dawa ya klorini iliyochanganywa upya, sehemu moja kwa tisa za maji, kwa dakika 30. Usiingize kamwe kwenye autoklevu kitu chenye klorini. Hutoa gesi ya sumu.

Seli za mamalia ni ngazi nyingine kabisa. Zinataka nyuzi 37, hewa yenye asilimia 5 ya kabonidioksidi, na chakula kipya kila siku 2 hadi 3, Jumapili ikiwemo. Kuvu mmoja hula kazi ya mwezi. Onyesho la siku 90 ni ubadilishaji wa chakula kati ya mara 30 na 45, na kila mara ni nafasi ya uchafuzi. Nini hutokea ukumbini? Mwaka 2008 koti dogo la seli hai za panya, "Victimless Leather" la Catts na Zurr, lilionyeshwa kwenye jumba la makumbusho la MoMA, New York. Seli ziliongezeka kwa kasi, zikaziba mfumo wa kulishia, na msimamizi wa maonyesho Paola Antonelli akalazimika kuuzima. Kabla ya kukubali kuonyesha kitu hai, amueni kwa maandishi nani ana mamlaka ya kukiua na kwa dalili gani.

Vibali ndivyo vinavyoamua kama njia hii inakufaa. Bakteria waliobadilishwa vinasaba, hata wasio na madhara yoyote, kwa kawaida hawaruhusiwi kutoka nje ya maabara iliyosajiliwa. Ndiyo maana kazi nyingi za aina hii huishia kuwa picha au video ya ukuaji iliyoharakishwa, na msanii mwenye busara hulipanga hilo tangu mwanzo badala ya kulipokea kama adhabu. Kazi yoyote ya wanyama hupitia kamati ya maadili, na majibu huchukua miezi. Msanii Eduardo Kac alipotangaza mwaka 2000 sungura wake Alba, mwenye vinasaba vya kung'aa kijani, sungura huyo alikuwa ndani ya taasisi ya utafiti wa kilimo ya Ufaransa, INRA. Kac alitaka kumchukua akaishi naye nyumbani, taasisi ilikataa. Ubishi wote ule ungekwisha kwa kifungu kimoja kinachosema nani anamiliki kiumbe na kama anaweza kutoka.

Kuna kisa kizito zaidi ambacho kila msanii wa biolojia anapaswa kukijua. Mwaka 2004 Steve Kurtz wa kundi la wasanii la Critical Art Ensemble alichunguzwa na FBI, shirika la upelelezi la Marekani, kwa sababu ya bakteria waliokuwa nyumbani kwake kwa ajili ya kazi za sanaa. Bakteria hao hawakuwa hatari. Mashtaka yalipofika mahakamani hayakuhusu ugaidi, yalihusu udanganyifu wa posta na mawasiliano: sampuli za dola 256 zilikuwa zimenunuliwa kupitia mwanajenetiki wa chuo kikuu, Robert Ferrell, kinyume na masharti ya muuzaji. Kesi dhidi ya Kurtz ilifutwa mwaka 2008. Ferrell alikuwa ameshakiri kosa dogo. Miaka minne ya maisha ya watu wawili ilikwenda kwa karatasi ya kuhamisha nyenzo ambayo haikujazwa. Usimwombe mwanasayansi rafiki "akupatie kidogo". Hamishieni nyenzo kwa fomu rasmi, kwa jina lako, kwa matumizi yaliyotajwa.

Kama maabara ya chuo haikupi benchi, anzia kwenye maabara ya jamii. Genspace ya Brooklyn, iliyofunguliwa 2010, ni ya ngazi ya kwanza ya usalama, na Heather Dewey-Hagborg alifanya huko kazi ya DNA kwa ajili ya "Stranger Visions", sura za watu zilizokisiwa kutokana na nywele na mabaki yaliyookotwa mitaani. Kufika chuoni ukiwa tayari unajua kushika pipeti hubadilisha kabisa namna mafundi watakavyokupokea.

Utafiti wa pamoja

Hapa msanii ni mtafiti mwenza, jina lake liko kwenye ombi la ruzuku na malipo yake yako kwenye bajeti. Ndiyo njia ya haki zaidi kwenye karatasi, na ya polepole zaidi. Kutoka wazo hadi fedha kuingia mara nyingi hupita mwaka au zaidi, na katika muda huo msanii hulipwa sifuri huku profesa akiendelea na mshahara. Asiye na kipato kingine asiitegemee peke yake. Sehemu ya ruzuku hukatwa na chuo kwa gharama za uendeshaji. Ulizeni asilimia ngapi kabla ya kugawana kilichobaki.

Swali la umiliki ndilo linalostahili saa nyingi. Linganisheni rangi mbili nyeusi zilizotengenezwa kwa mirija midogo sana ya kaboni. Kampuni ya Surrey NanoSystems ya Uingereza ilimpa msanii Anish Kapoor, mwaka 2016, haki ya pekee ya kutumia Vantablack katika sanaa, na wasanii wengi wakakasirika. Mwaka 2019 mhandisi Brian Wardle wa MIT na msanii Diemut Strebe walionyesha "The Redemption of Vanity": almasi ya njano ya karati 16.78 iliyofunikwa nyenzo inayomeza asilimia 99.995 ya mwanga, hata ikaonekana kama shimo jeusi bapa. Nyenzo hiyo ilipatikana katika utafiti wa kuotesha mirija ya kaboni juu ya alumini, uliolenga tabia zake za umeme na joto. Wardle alisema wasanii wengine wangeweza kuitumia kwa kazi zisizo za biashara. Weusi unafanana, masharti ndiyo yaliyotengeneza chuki upande mmoja na uwazi upande wa pili, na masharti huandikwa kabla ya kazi kuanza.

Hakimiliki ya kazi ya sanaa na hataza ya uvumbuzi ni vitu viwili. Vyuo vingi hudai uvumbuzi wa waajiriwa wao. Msanii si mwajiriwa, lakini mara nyingi husainishwa fomu ya mgeni inayomfanya kama mwajiriwa kwa jambo hilo. Isome. Halafu kuna mtego wa tarehe: kuonyesha kazi hadharani kabla ombi la hataza halijawasilishwa ni kuufichua uvumbuzi. Marekani humpa mvumbuzi mwaka mmoja tangu afichue, Ulaya kwa kawaida haitoi muda huo. Usiku wa ufunguzi unaweza kuua hataza, na ofisi ya chuo ikijua hilo mwezi mmoja kabla itazuia onyesho. Wapelekeeni ratiba ya maonyesho mwanzoni.

Kuhusu makala, kubalianeni mapema msanii anaingia kama mwandishi kwa mchango upi. Jarida la Leonardo, lililoanzishwa mwaka 1968 na mhandisi Frank Malina, huchapisha kazi za mpaka huu, lakini mwanafunzi wa uzamivu aliyemo kwenye timu anahitaji makala kwenye majarida ya fani yake ili amalize shahada. Akitumia nusu ya mwaka wake kwa usanikishaji ukumbini, ni yeye anayelipa gharama. Tasnifu yake ipangiwe sura inayotokana moja kwa moja na kazi ya pamoja. Ikishindikana, mwajirini mtu mwingine.

Data peke yake

Wapo wasiohitaji benchi wala mhandisi, wanahitaji faili tu. Ni njia rahisi na ya haraka, ila ombeni data iliyosanifishwa pamoja na maelezo ya vipimo vyake, na mtu wa kujibu maswali kwa saa kadhaa. Baadhi ya data karibu iko tayari kuwa sauti: wimbi la graviti (mtikisiko wa anga lenyewe) lililonaswa tarehe 14 Septemba 2015 lilipanda kutoka hertzi 35 hivi hadi 250, masafa ambayo sikio husikia. Mitetemo ya ardhi lazima iharakishwe mara nyingi ndipo isikike. Umeme wa ubongo unaopimwa kichwani huzamishwa na misuli ya taya, macho na mngurumo wa nyaya wa hertzi 50 au 60. Ishara ya kuaminika zaidi kwa onyesho ni wimbi la hertzi 8 hadi 12 linalopanda mtu akifumba macho. Data za watu zina mipaka: aliyekubali kupimwa kwa utafiti wa tiba hajakubali kuonyeshwa ukumbini, na picha za MRI za kichwa zinaweza kujengwa upya zikatoa uso wake hata jina likiwa limefutwa.

Uchague ipi

Kama una swali lakini hujui sura ya kazi, chukua ukaazi, wenye kipindi cha upembuzi na mtu mwenye jina kwenye kalenda. Ukishajua sura, na kinachokosekana ni mashine au hesabu, toa oda. Usijifanye mtafiti ili upate bei nafuu, maana utalipa kwa miaka. Ikiwa nyenzo yenyewe ndiyo kazi, yaani seli, bakteria, kristali, hakuna njia ya mkato: tafuta benchi, na uhesabu miezi mitatu ya kwanza kuwa ya kujifunza. Utafiti wa pamoja uchaguliwe tu pale ambapo mtafiti naye hawezi kupata jibu lake bila msanii. Kipimo ni rahisi. Mwombe aandike kwa sentensi mbili maabara itajifunza nini kutoka kwako. Akijibu kwamba utawasaidia kuupendezesha utafiti wao kwa umma, hiyo ni kazi ya usanifu wa picha, inalipwa kwa siku, na inaweza kuwa kazi nzuri, ila isiitwe kwa jina lingine.

Kwa upande wa maabara, hesabu ni hizo hizo. Maabara isiyo na fundi wa kudumu isitoe benchi. Iliyo na mikataba ya siri na kampuni isitangaze ukaazi kabla ya kuorodhesha vyumba ambavyo msanii hataingia. Na yeyote atakayechaguliwa, aje kwanza kwa wiki mbili za malipo kabla ya mkataba mkubwa, afanye jambo moja dogo linalotumia kifaa, nyenzo na watu walewale watakaotumika baadaye: sahani kumi, sakiti moja, faili moja lililogeuzwa sauti. Katika wiki hizo itaonekana kama fundi anazo saa alizoahidiwa, kama kibali kinatoka, na kama mtu aliyetajwa kwenye barua huwa anafika.